Kwa Severini

Baba alirudi kutoka Yugoslavia na sanduku la bati,
koti la sufu ambalo Dar es Salaam haikulihitaji hata siku moja,
na daftari alimoorodhesha vituo vya Warumi
kutoka Viminacium mpaka Naissus,
kwa penseli, mwandiko wa mtu wa ramani:
hapa wanabadili farasi,
hapa wanalala.

Walimpeleka akasomee lami.
Likizo wenzake walikwenda kuona bahari ya huko;
yeye akatembea bonde la Morava kwa viatu vya kuazima
akitafuta barabara chini ya mahindi.
Mahindi, alisema, kama uko Dumila.
Mkulima mmoja akamwonyesha jiwe la maili
alilolifanya kizingiti cha zizi la nguruwe,
jina la kaisari limelala ubavu,
limesuguliwa na kwato.

Umeme ukikatika Kimara
alitusomea majina badala ya hadithi.
Ad Nonum: Kwenye Maili ya Tisa.
Ad Octavum: Kwenye Maili ya Nane.
Horreum Margi: Ghala la Morava, pale wanalala.
Mama akadakia toka jikoni:
Magomeni Mapipa! Manzese Tip Top!
Kimara Baruti! Kibaha Maili Moja, pale wanauza korosho!
Tukacheka mpaka kibatari kikazimika.
Baba hakucheka, alikuwa anaandika.
Akauliza, kwa dhati kabisa,
mapipa yenyewe yalikuwa ya nini,
na hiyo maili moja ilianza kuhesabiwa wapi.
Kila mtu alikuwa na jibu lake.
“Basi ndivyo hivyo,” alisema. “Hata wao.”

Mama alifungua duka barazani:
mafuta ya taa, chumvi, kuni za mafungu,
kibao kimeandikwa SEVERINI NA WANAWE
ingawa wana wote tulikuwa wasichana.

Asubuhi moja tukaikuta X ukutani,
nyekundu, bado inachuruzika.
Majirani walipiga kelele, wengine walikwenda mahakamani.
Baba alitoa futi kamba ya ofisini, ile ya kasha la ngozi,
akanishikisha ncha ukingoni mwa lami saa kumi na moja alfajiri,
malori ya Kongo yakitupulizia vumbi na honi,
akarudi kinyumenyume akihesabu kwa sauti,
akapita mgomba, akapita karo,
akasimama katikati ya chumba changu.

Alama ilikuwa sahihi.
Mstari ule aliuchora yeye,
kijana wa Ujenzi, miaka ile ya foleni za sukari,
kisha akaja kuujengea juu.
Alikuwa amesahau, au alijipa kusahau.
Sikumuuliza. Alikunja kamba taratibu,
akiifuta tope kila hatua, kama inavyotakiwa.
Siku ya tingatinga aliwachemshia chai vijana wa kubomoa,
na mmoja wao akamwita mzee wa busara.
Alimnunia.

Sasa njia ni pana mno, mtu wa ng'ambo humtambui.
Kimara Mwisho si mwisho wa kitu chochote.
Baba tulimpeleka Kinondoni masika iliyofuata,
na koti lake la sufu, hatimaye, lilipata baridi.

Juzi nilipanda bodaboda kutoka Mbezi.
“Nishushe Kwa Severini.”
Kijana hakuuliza njia. Alipunguza mwendo
penye kibanda cha vocha na shimo la mtaro,
mahali ambapo hapana ukuta, hapana kibao.
“Huyu Severini alikuwa nani?” nikamuuliza.
“Muuza kuni, nadhani, dada.
Wengine wanasema padri.”
Nikampa buku mbili. Sikumsahihisha.

Daftari ninalo mimi.
Penseli yake imefifia, Naissus haisomeki vizuri.
Chini kabisa, kwa bluu, nimeongeza:

Kwa Severini.
Farasi hakuna. Pa kulala hakuna.
Umbali sijapima.